Shayiri: maswali tunayoulizwa kila Ramadhani, na mengine ya katikati ya mwaka

Duka letu la nafaka na viungo liko Mwanakwerekwe, Unguja. Ikifika katikati ya Shaabani simu haitulii: huyu anataka shayiri ya uji, yule ya shurba (supu ya nyama na nafaka), mwengine kaambiwa apunguze sukari, na mmoja wa Wete alitaka mbegu akapande. Nimeyaandika majibu haya ili nisiyarudie kwa koo lililokauka kwa saumu. Utaona karibu kila mara naanza kwa kukuuliza: shayiri ipi? Si ukorofi. Jibu linategemea kilichomo kwenye mfuko wako.

## Kuijua shayiri

Shayiri ni nini hasa?

Ni nafaka ya jamii ya nyasi, ndugu wa ngano. Wataalamu wanaiita Hordeum vulgare. Suke lake lina ndevu ndefu kushinda za ngano, na ukilipapasa kinyumenyume zinakwaruza. Punje imechongoka ncha zote mbili na ina mfereji tumboni. Aina nyingi zina ganda lililogandana na punje, halitoki kwa kupura tu, kwa hiyo lazima ipite mashineni kabla haijawa chakula cha mtu.

Kwa wingi wa mavuno duniani inashika nafasi ya nne, nyuma ya mahindi, ngano na mpunga. Kwa mwaka huvunwa baina ya tani milioni 140 na 160. Nyingi mno, lakini mahindi peke yake yanapita tani bilioni moja.

Ni "shayiri" au "shairi"?

Sisi dukani tunaandika shayiri ili asije mtu kutuulizia tungo. Wapo wanaotamka shairi, na hawana kosa kubwa, maana maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu na yana herufi zilezile tatu za mzizi: shini, aini na ra. Nywele nazo kwa Kiarabu ni herufi hizohizo, na ukiziona ndevu za suke utaelewa kwa nini. Hata chokea, kile kipele cha kwenye ukope wa jicho, Waarabu wanakiita punje ya shayiri, na madaktari wanakiita kwa Kilatini kwa jina la maana hiyohiyo. Kakitazame kwenye kioo siku kikikutoka.

Shayiri na oti ni kitu kimoja?

Hapana, na hili ndilo linalotuletea ugomvi mwingi kuliko yote. Ile ya kwenye kopo, iliyobanwa ikawa bapa kama magamba ya samaki, inayoiva kwa dakika tano, ni oti. Ni mmea mwengine kabisa. Kwa kuwa watu wengi, na hata tafsiri kwenye makopo, huiita shayiri, mtu ananunua kopo, anafuata maelekezo ya kupika shayiri ya punje, anaishia na gundi.

Shayiri nayo hubanwa ikawa bapa, lakini hapa ni nadra. Ukitaka uhakika usisome jina kubwa la mbele; geuza mfuko usome orodha ya vilivyomo.

Zipo aina ngapi?

Kwa mpishi, tofauti ya maana ni namna ilivyokobolewa.

Ya kwanza ni yenye ganda lake, rangi ya majani makavu. Hii ni ya mifugo, ya kuotesha na ya kutengenezea kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Usiipike, itakukwaruza koo. Ya pili imeondolewa ganda la nje tu, pumba imebaki, rangi yake ya kahawia hafifu. Inachukua muda kuiva na ina ladha kama ya njugu. Ya tatu ni nyeupe, iliyosuguliwa mpaka ikawa duara kama ushanga, na ukiitazama kwa karibu utaona mstari mweusi mwembamba tumboni, pale mfereji ulipokuwa na mashine haikufika. Hii ndiyo tunayoiuza zaidi, na mtu wa Unguja akisema "nipe shayiri" bila ya kueleza nampimia hii. Halafu kuna chenga na unga.

Wakulima wao wanagawa kwa safu: suke lenye safu mbili za punje na lenye safu sita. Kwako wewe mwenye sufuria haikuhusu.

Asili yake wapi?

Mashariki ya Kati, kwenye lile pembe lenye rutuba linaloanzia Palestina, likapita Syria na kusini mwa Uturuki mpaka Irak na milima ya Iran. Huko ililimwa tangu kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Kando ya ziwa la Galilaya wachimbuaji wamekuta shayiri mwitu iliyookotwa na watu miaka 23,000 nyuma, kabla ya mtu yeyote kujua kulima.

Babiloni ya kale shayiri ilikuwa pesa. Watu walilipwa ujira kwa shayiri, na shekeli moja ya fedha ilihesabiwa uzito wa punje 180. Oman inalimwa mpaka leo, kwa maji ya mifereji ya falaji, na kwa yalivyokuwa mahusiano ya Unguja na Maskati sioni ajabu kwamba jina na shurba yake vyote ni vya Kiarabu.

Kwetu hapa ni mgeni anayekaribishwa, si mwenyeji. Wachimbuaji waliofanya kazi Pemba walikuta Tumbe uwele ndio nafaka ya zamani, na Chwaka ya pale Pemba, karne za baadaye, mpunga ukashika nafasi. Shayiri haijawahi kuwa chakula kikuu cha visiwa hivi, na sababu yake iko kwenye majibu ya kilimo huko chini.

## Jikoni

Uji wa shayiri wa futari unapikwa vipi?

Kila nyumba ina wake. Huu ni wa mama yangu, na kipimo chake ni kikombe kimoja cha shayiri nyeupe kwa vikombe vinane vya maji.

Asubuhi ichague kwenye sinia, maana vijiwe havikosekani, uioshe maji matatu na uiroweke. Baada ya Adhuhuri ibandike na maji mapya. Ikishachemka punguza moto. Kama ni mkaa, ondoa vipande viwili. Dakika za mwanzo itatoa povu la kijivu, liengue. Baada ya kiasi cha saa nzima punje zitakuwa zimevimba na kupasuka tumboni. Chukua moja uiminye kwa vidole: ikisagika yote bila kiini kigumu, imeiva. Isipoiva ukaitia sukari, haitoiva tena vizuri, basi subiri.

Hapo nusu yake iponde kwa mwiko ubavuni mwa sufuria, au uipitishe kwenye blenda kama huna subira. Tia tui jepesi, hiliki iliyotwangwa na ganda lake, kijiti cha mdalasini na chembe ya chumvi. Koroga mpaka uwe mzito unaomiminika. Sukari na tui zito ni mwisho kabisa, moto mdogo, maana ukiuacha utokote tui linakatika na mafuta yanaelea juu. Ukipoa utaganda zaidi, kwa hiyo uepue ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoupenda.

Na shurba?

Nyama ya mifupa, kitunguu maji, thomu, tangawizi, tungule moja, bizari ya pilau na pilipili manga. Nyama ikianza kulainika ndipo unapotia shayiri iliyorowekwa, kiganja kimoja kwa kila mlaji, si zaidi. Ndimu mezani. Wengi hapa wanaipika kwa oti kwa sababu ya haraka. Inaliwa, lakini punje za kutafuna hazimo.

Lazima niroweke?

Nyeupe si lazima, inaokoa tu dakika ishirini na mkaa wake. Ile ya kahawia iroweke usiku kucha, la sivyo itaadhiniwa Magharibi sufuria bado liko jikoni.

Mbona uji wangu huvutika kama ulimbo?

Shayiri ina nyuzi za aina inayoitwa betaglukani, na zikikutana na maji ya moto zinakuwa utelezi. Ndio utelezi huohuo unaosifiwa kwenye jibu la sukari na mafuta ya damu. Ukizidi, ongeza maji ya moto, si baridi. Na usifunike sufuria kabisa: hufurika ukakuzimia jiko.

Naweza kuoka mkate wa shayiri mtupu?

Unaweza, lakini utapata kitu bapa na kizito. Unga wake haushiki hewa kama wa ngano, haufuri. Mikate ya namna hiyo ndiyo waliyokula watu kwa karne nyingi, na ndiyo ile mitano iliyotajwa katika Injili ya Yohana. Kwa mkate wa kufura changanya sehemu moja ya shayiri na tatu za ngano. Kwa chapati nusu kwa nusu inakubali, ila isukume ikiwa bado laini.

Talbina ni nini, na mnauza unga wake?

Ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, kwa maji au maziwa, wengi hutia asali. Jina limetokana na neno la maziwa kwa weupe wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha kwamba talbina hutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni, na yeye alikuwa akiamrisha ipikwe pakiwa na msiba, watu wakishatawanyika wakabaki jamaa wa karibu. Napenda sana kule kungoja wageni waondoke kwanza.

Unga tunauza, lakini bora kununua punje ukasage mwenyewe kidogokidogo. Unga wa shayiri huchacha haraka kwa joto la hapa.

Naiweka wapi isiingie fukusi?

Chombo chenye mfuniko unaobana, si mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Mwezi mmoja haitodhurika. Zaidi ya hapo, hasa masika, iweke kwenye friji. Nafaka ikitaka kukaa unyevu wake usizidi kiasi cha asilimia 13, na hewa yetu ya Aprili haiko upande wako.

Nami niliungua mara moja. Nilichukua magunia manne kwa muuzaji wa jumla, nikafungua moja la juu, nikaliona safi, nikalipa yote. Matatu ya chini yalikuwa yamelowa njiani. Siku hizi natumbukiza mkono ndani ya kila gunia mpaka kiwiko. Nafaka nzima ni baridi ndani. Ukihisi vuguvugu, inapumua na kuoza; na ukiinusa ikawa na uvundo, usiseme utaiosha. Sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

## Afya

Mwenye kisukari aweza kula?

Anaweza, na kwa wengi ni bora kuliko wali mweupe, kwa sababu sukari yake hupanda damuni polepole. Gramu 100 za shayiri nyeupe kavu zina nyuzi kiasi cha gramu 15. Mchele mweupe una gramu moja na kitu. Watu hudhani kuwa ikishasuguliwa ikawa nyeupe imekwisha faida, kama mchele. Si hivyo: betaglukani imo ndani ya punje yote, haikukaa kwenye pumba peke yake.

Lakini ule uji wa juu pale, wenye vijiko vitano vya sukari na tui zito, si dawa ya kisukari. Mwenye maradhi apike shurba au aupike uji bila sukari, na kiasi chake akipange na daktari wake, hasa kama anachoma sindano na kufunga.

Ni kweli inashusha mafuta ya damu?

Ushahidi wake ni mzuri. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu tangu 2006 pakiti za shayiri ziandikwe kuwa inasaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa anayepata gramu 3 za betaglukani kwa siku pamoja na kula mafuta kidogo. Hizo si bakuli moja la shurba mara moja kwa wiki. Ni mazoea ya kila siku.

Nani asiile kabisa?

Mwenye maradhi ya siliaki, yaani ambaye utumbo wake unadhurika kwa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na ndugu zake. Shayiri ina gluteni kama ngano na rai. Kuna mama aliyekuja kutafuta "nafaka isiyo ngano" kwa mwanawe aliyeandikiwa aache gluteni, na mtu alikuwa kamwambia shayiri ni salama. Si salama. Kwake ni mchele, mtama, uwele, mahindi, muhogo. Kimea nacho kimo humohumo, kwa hiyo asome pakiti za vinywaji vya kakao na biskuti.

Maji ya shayiri yanatibu mkojo na mawe ya figo?

Ni maji, na anayekunywa maji mengi mkojo wake husafika. Zaidi ya hapo mimi siahidi kitu. Ukikojoa kwa maumivu, ukiwa na homa au ukaona damu, nenda hospitali. Shayiri utainywa ukirudi.

Mtoto mchanga?

Baada ya miezi sita, uji laini uliochujwa, bila sukari wala asali. Asali ingoje mpaka atimize mwaka.

## Dini na kimea

Nikitoa zakatul fitri kwa shayiri inafaa?

Shayiri imetajwa kwa jina lake. Katika hadithi ya Ibn Umar, Mtume (S.A.W.) alifaradhisha pishi ya tende au pishi ya shayiri kwa kila Muislamu, mdogo na mkubwa, mwanamme na mwanamke. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo hutazama chakula kikuu cha mji, na cha mji wetu ni mchele. Kama una sababu ya kutaka kutoa shayiri, muulize shekhe wako kabla, usiniulize mimi muuza nafaka.

Ninaloweza kukwambia ni la mizani. Pishi ni kipimo cha ujazo, vibaba vinne, si cha uzito. Shayiri yenye ganda ni nyepesi. Pishi yake haifiki uzito wa pishi ya mchele. Anayekwambia "kilo kadhaa" bila kukuuliza nafaka gani amekisia.

Kimea ni pombe?

Kimea ni nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, basi. Shayiri huroweshwa, huachwa ichipue siku nne mpaka sita, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto ili isiendelee kuota. Katika kuchipua, punje hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mmea unajiandalia chakula chake, mwanadamu anauwahi. Mpaka hapo ni kitu kitamu tu. Milo ina kimea cha shayiri. Siki ya kahawia ya Waingereza inaanzia kwenye kimea vilevile. Pombe inakuja pale maji ya kimea yakitiwa hamira yakaachwa yachachuke: bia kwa njia moja, wiski ya Scotland kwa kuendelea kuyakeneka, yaani kuyachemsha na kuukusanya mvuke wake.

Na vile vinywaji vya kimea vya kopo, visivyo kileo?

Shayiri ipi nimeuliza. Hapa uliza ilipita njia ipi. Vipo ambavyo havikuchachushwa kabisa, na vipo vilivyochachushwa kwanza kisha kileo kikatolewa. Kopo halisemi kila mara. Soma asilimia iliyoandikwa, tafuta alama ya halali, na hukumu waachie wenye elimu yake.

## Biashara yake duniani

Shayiri mnayouza inatoka wapi?

Mifuko yetu imefungwa India au Falme za Kiarabu. India inalima kwake, hasa Rajasthan na Uttar Pradesh, wanaiita jau. Ya Falme imefungwa tu pale. Punje zenyewe zimetoka mbali zaidi.

Wakulima wakubwa ni Urusi, Australia, Ufaransa, Ujerumani, Kanada, Uingereza, Uturuki na Ukraine. Afrika ni Ethiopia, Morocco na Algeria, na Ethiopia ndiko inakoliwa hasa, kwa injera, bisi na uji. Tibet, juu ya mita 4,000 ambako ngano inashindwa, watu huikaanga, wakaisaga, wakaivuruga na chai ya siagi. Korea na Japani huichoma wakaichemsha kama chai.

Nani anainunua, ikiwa watu hawaili sana?

Wanyama. Kiasi cha theluthi mbili ya shayiri ya dunia ni chakula cha mifugo, kiasi cha moja ya tano ni kimea, na kinachoingia sufuriani mwa watu moja kwa moja ni kidogo sana. Wewe na futari yako mko kwenye mabaki ya hesabu.

Saudi Arabia ilikuwa mnunuzi mkubwa kwa miaka mingi, kwa kondoo na ngamia katika nchi isiyo na malisho. China imempita. Nguvu ya mnunuzi mmoja ilionekana Mei 2020, pale China ilipoitoza shayiri ya Australia ushuru wa asilimia 80.5 katika ugomvi wao. Waaustralia wakahangaika kutafuta masoko mengine, na ushuru ukaondolewa Agosti 2023.

Kwa nini bei inapanda ghafla?

Zipo sababu za mbali na za karibu. Ya mbali: kabla ya vita, Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikitoa karibu theluthi moja ya shayiri inayouzwa nje duniani. Februari 2022 bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa. Mapatano ya nafaka ya Julai 2022 yakazifungua kidogo, na Julai 2023 yakavunjika. Hata anayekula shayiri ya India alihisi, kwa sababu aliyekosa ya Ukraine naye alikwenda kununua India.

Za karibu ni dola, nauli ya kontena, na nyinyi wenyewe: wote mnakuja wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Anayenunua Rajabu ananunua kwa utulivu.

Tanzania Bara inalimwa, mbona hamuileti?

Inalimwa nyanda za juu za kaskazini, Kilimanjaro Magharibi, Monduli na Karatu, na Kenya huko Narok, Mau na Timau. Sehemu kubwa yake inalimwa kwa mkataba na viwanda vya bia, mbegu zimechaguliwa kwa ajili hiyo, na inakwenda moja kwa moja kwenye kimea. Kiwanda kinataka punje yenye protini kidogo, chini ya asilimia 12 hivi, na inayoota karibu yote. Inayokataliwa inakwenda kwa ng'ombe. Ya kusuguliwa kwa ajili ya uji inahitaji mashine yake, na ukishahesabu nauli na meli, ya India inafika kwa bei nafuu. Sifurahii, ndiyo hesabu.

## Kilimo, na maswali ya ajabu

Nilipanda shayiri niliyonunua kwenu, haikuota. Mmeniuzia mbovu?

Huyu ndiye mteja wa Wete. Alipanda mistari mitatu, akamwagia maji siku kumi, akanipigia simu kwa hasira za haki. Shayiri ipi? Nyeupe. Ile imesuguliwa, kiini cha kuotea kimeondoka na pumba. Ni sawa na kupanda mchele ukingojea mpunga. Inayoota ni yenye ganda tu, na hiyo tunaiuza kwa kuagiza.

Basi nikipata yenye ganda, Pemba itakubali?

Itaota. Itatoa majani mazuri. Punje ndiyo kazi. Shayiri inataka ubaridi, nyuzi 15 mpaka 20 hivi wakati wa kutoa suke na kujaza punje. Sisi hata kipupwe cha Julai hatufiki huko. Tena hatuna mlima wa kukimbilia. Hata kilele cha Masingini, kilima cha huku Unguja, hakifiki mita 150. Kwenye joto mmea unaharakisha, suke linatoka dogo, punje zinakuwa nyembamba au tupu. Mvua zetu nazo ni za kupindukia: mmea huu unatosheka na milimita 400 au 500 kwa msimu, na unyevu ukizidi huingia kutu na ukungu. Huko kunakofaa huvunwa ndani ya siku 90 mpaka 120, na wakulima wazuri wa Ufaransa na Ujerumani hupata tani sita na zaidi kwa hekta.

Nimesikia inastahamili chumvi. Mabonde yetu yameingiwa na maji ya bahari, haitufai?

Swali zuri, na kweli inastahamili kuliko nafaka zote kubwa. Kwenye kipimo cha chumvi ya udongo, mpunga huanza kupungua mazao kwenye 3 hivi, ngano 6, shayiri 8. Lakini bonde lililoingiwa na bahari halina chumvi tu, lina maji yaliyotuama, na shayiri haiwezi kusimama majini. Mizizi inakosa pumzi, majani yanageuka njano. Ongeza joto la jibu lililopita. Anayekuuzia mbegu ya shayiri kwa ajili ya bonde lako anauza ndoto. Ulizia mbegu za mpunga zinazohimili chumvi.

Kuiotesha kwenye trei kwa ajili ya mbuzi, inalipa?

Hii inawezekana hapa, kwa kuwa hungoji punje. Shayiri yenye ganda unairoweka usiku mmoja, unaitandaza kwenye trei yenye vitundu, unainyunyizia, na siku ya saba una zulia la kijani lenye mizizi iliyosukana, unalikunja kama mkeka ukampe mnyama. Kilo moja hutoa kilo sita mpaka nane.

Angalia hesabu hiyo, kwani sehemu kubwa ya hizo kilo nane ni maji. Chakula kikavu hakikuongezeka, kimepungua kidogo. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa katikati ya kiangazi, asiye na pa kukata majani, ina maana. Kwa mwenye mbuzi watatu huko Micheweni na vichaka vimemzunguka, atafute panga. Na joto letu huleta ukungu mweupe kwenye trei. Ukiuona, trei lote litupwe, si kukatakata upande mzima ukawapa.

Machicha ya shayiri ya kiwanda cha bia, wanayolishia ng'ombe Dar es Salaam, hatuuzi. Ukija hapa ukiuliza machicha utapewa ya nazi.

Mwanangu kaambiwa skuli kuwa namba ya kiatu ni punje ya shayiri. Kweli?

Kweli, kwa namba za Kiingereza. Sheria ya kale ya Uingereza, ya wakati wa mfalme Edward wa Pili, iliweka kuwa punje tatu za shayiri, kavu na za mviringo, zikipangwa kwa urefu ni inchi moja. Mafundi viatu wakachukua punje moja kuwa hatua ya kutoka namba hadi namba, yaani theluthi ya inchi, milimita nane na nusu hivi. Fiqhi nayo ilipima kwa shayiri: katika vitabu vya Kishafi upana wa kidole kimoja ni punje sita zilizolazwa ubavu kwa ubavu, na kwa vidole hivyo ndipo unapofika kwenye dhiraa, maili na masafa ya kupunguzia sala.

Mwanao alikuja dukani kuhakikisha. Tulipanga tatu zenye ganda juu ya rula kaunta, tukakaribia inchi kwa tofauti ya unene wa ukucha. Nyeupe zilihitaji tano.